Kiti cha Zena

Ninyi vijana mnaojiandaa kupanda ndege, na ninyi ambao mmeshaipanda mpaka mmeizoea kama basi la Dumila, kaeni kwanza mnisikilize. Mimi si msomi. Shule niliiacha darasa la nne, na haya naandika kwa mkono wangu, polepole, kwa hiyo msianze kunisahihisha kabla sijamaliza. Mjukuu wangu Nuru ndiye aliyenitia maneno mdomoni. Yeye na wenzake wa kikundi cha ngoma wamealikwa Mwanza, na wanakwenda kwa ndege. Tangu habari hiyo ije, nyumba yangu hapa Kihonda, Morogoro mjini, imejaa watoto wanaobeba mabegi kuyapeleka dukani kwa jirani wakayapime, wanarudi wanacheka, wanatoa nguo, wanarudisha tena. Mimi mizani ikitajwa natoka nje. Nuru akaniuliza, "Bibi, mbona ukisikia kilo unakunja uso?" Nikamwambia akaniletee maji. Maji akaleta, na swali akarudi nalo.

Na kuna jambo jingine. Dada yangu Zena amefariki masika haya. Kwenye arobaini yake tulikaa kule kwetu Matombo, milimani, tukagawana vitu vyake, kama ilivyo desturi. Kanga walichukua binti zake, sufuria wakachukua wakwe. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na fundo la kitambaa cha njano kilichopauka. Nilipolifungua, harufu ya mdalasini na kutu ikanipanda puani, na kabla sijaona kilichomo nikajua ni nini. Zilikuwa njuga, zile za kufunga miguuni. Binti yake akasema, "Mama mdogo, hizo chuma chakavu tu, wacha tuwauzie wanaopita na mizani." Nikamwambia afunge mdomo wake. Njuga nikazitia kwenye mkoba wangu, nikashuka nazo mjini.

Hizo njuga zimepanda ndege. Mwenyewe hakupanda.

Tulikuwa kundi kubwa la watoto, wasichana na wavulana, tuliofundishwa kucheza na Mwalimu Komba. Mwalimu Komba alikuwa Mngoni, katoka kwao Songea, lakini ngoma yetu aliipenda kuliko sisi wenye nayo. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilichukuliwa kwa sababu Zena alikataa kwenda popote bila mimi, na kikundi bila Zena hakikuwa kikundi. Yeye ndiye aliyeongoza. Mrefu, mkavu, miguu kama ya korongo, lakini akiingia uwanjani mpiga ngoma mwenyewe anabadilisha mkono. Walikuja wakubwa fulani kututazama siku moja kwenye uwanja wa shule, wakatikisa vichwa, wakasema tutakwenda Mwanza kucheza kwenye sherehe, na tutakwenda kwa ndege.

Tangu siku ile Zena hakuongea jambo lingine. Hata kabla ya hapo, tukiwa shambani akisikia ndege inapita juu ya milima, aliweka jembe chini akatazama mpaka ikapotea. Alikuwa na swali lake moja. Alitaka kujua ukishapita mawingu, kule juu yake kuna nini. Bibi yetu alimjibu kuna Mungu. Mwalimu Komba alimjibu kuna hewa. Zena aliniambia usiku tukiwa kitandani, "Wote wawili hawajafika. Wanakisia." Akasema yeye akifika ataangalia kwa macho yake, atarudi kuniambia. Nikamkumbusha kwamba na mimi nitakuwemo. Akasema, "Wewe utasinzia."

Wazazi walikuwa wamesema wasichana hawaendi na mwanamume peke yake, kwa hiyo akatafutwa Bi Tabu, mjane wa kijiji cha pili. Alikuwa mama mwenye huruma, mkali wa mdomo tu. Ila hakuwa wa lukolo yetu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Bi Tabu alikuwa wa lukolo nyingine kabisa. Alikabidhiwa kutulisha, kututuliza, na kuangalia tusipotee. Hakukabidhiwa zaidi ya hapo. Shikeni hilo, maana ndilo lililotufunga miguu.

Tulishuka mlimani kwa lori, tukiwa tumekalia ngoma na mizigo. Kila mama alikuwa amemfungia mwanawe kitu cha kuwapelekea watu wa Mwanza, kama vile Mwanza hawali. Mikungu ya ndizi, mafenesi, mananasi, mifuko ya pilipili manga, magome ya mdalasini yaliyofungwa kwa kamba za mgomba. Morogoro mjini tukapanda basi, na Dar es Salaam tukafika tunanuka kama ghala la viungo.

Uwanja wa ndege ulikuwa na sakafu inayong'aa. Sisi tulikuwa hatujaona sakafu ya namna ile ila msikitini, kwa hiyo mlangoni tukavua kandambili, wote, tukazipanga vizuri, tukaingia pekupeku. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo na hakuna aliyetuzuia. Mwalimu Komba alikuwa ameshafika kaunta alipogeuka akaona miguu yetu.

"Viatu viko wapi?"

"Mlangoni, mwalimu."

"Mnaingia kuswali?"

Tukarudi mbio kuvaa, kundi zima, njuga za wakubwa zinalia miguuni, watu na mabegi yao wanatupisha. Kila mmoja akavaa ya mwenzake. Tuliporudi, foleni yetu ilikuwa imeshavurugika, na haikunyooka tena siku ile.

Pale kaunta alikuwepo dada mmoja karani, kavaa sketi ya buluu, nywele kazisuka mkia mmoja. Alimwambia mwalimu kwamba sisi tiketi zetu ni za pamoja, kundi moja, hivyo hawezi kutupokea nusu nusu. Kila mtoto asimame mbele yake, aonekane, apimwe na mzigo wake, ndipo atoe kadi za kupandia za wote kwa pamoja. Akikosekana mmoja, wote tunangoja. Na ndege haingoji. Alisema hivyo kwa upole, lakini mwalimu akaanza kutuhesabu upya.

Akaanza kuita majina. Akiita Juma, wanakuja akina Juma wote. Akiita jina la baba, haji mtu, maana wengine nyumbani hatukuitwa kwa majina hayo. Akafika mvulana mmoja kabeba mundu aliokuwa akicheza nao ngoma.

"Na hii?" dada wa kaunta akamuuliza.

"Ya kuchezea."

"Ya kumchezea nani?"

Mundu ukachukuliwa. Mafenesi yakatazamwa. "Mwalimu, mnakwenda kucheza ngoma au kufungua soko?" Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka, wengine wakaguna. Yule mpiga ngoma wetu akaambiwa ngoma kubwa haiingii na watu, itawekwa chini na mizigo. Akaikumbatia. "Dada, hii hailali chali," akasema. "Ukiilaza chali inapoteza sauti." Dada akamwahidi italazwa kiubavu. Ikapandishwa mizanini, kisha ikachukuliwa, ikapita kwenye tundu lenye pazia la mpira, ikapotea.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa. Mizani mimi niliijua. Kule kwetu mnunuzi wa pilipili manga alikuja na mizani yake akaitundika mtini. Ukimletea mfuko anautundika, mshale unakwenda, anaangalia. Iliyo nzuri inamwagwa kwenye gunia lake na si yako tena. Iliyo mbovu, yenye unyevu au ukungu, anakuambia, "Hii weka pembeni." Nilishamwona mama yangu akirudi na mfuko wa pembeni, hasemi neno njia nzima. Kwa akili yangu mizani ilikuwa na kazi hizo mbili tu, kuchukua na kukataa. Kwa hiyo nilipoona ngoma imepimwa ikaenda, nikajua imeuzwa. Nikamtazama mwalimu, naye katulia, nikasema moyoni basi ameikubali bei.

Kisha wakaanza kutupima sisi. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya mapangaboi, na dada akasema lazima ajue uzito wa watu pia. Nikapanda nikiwa nimebana pumzi ili nisionekane nina unyevu. Mshale ukasogea kidogo, dada akacheka, "Wewe hata ukinikalia begani ni sawa tu. Pita." Nikapita. Nyuma yangu alikuwa Zena.

Akapanda, amenyooka, anatabasamu, macho yako kule kwenye vioo ambako ndege ilionekana. Dada akaandika. Zena akashuka. Bi Tabu alikuwa nyuma yake, na nikaona macho yake yanashuka kwenye gauni la njano la Zena. Alivua kanga yake ya mabegani, akamfunika dada yangu kuanzia kichwani mpaka magotini, kama mtu anavyofunika chungu, akamshika mkono akampeleka nyuma ya nguzo, karibu na ukuta. Akamwambia, "Kaa chini. Usitazame mtu."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Zena alikuwa amevunja ungo pale pale mbele ya mizani. Mimi sikuelewa. Mimi niliona mtu amepimwa, kisha amewekwa pembeni.

Zamani hizo msichana likimfika hilo anaitwa mwali, na mwali anaingizwa ndani hapohapo. Haonwi na mwanamume, haonwi na jua, mpaka wanawake wa lukolo yake wamfunde na kumtoa kwa ngoma. Wengine walikaa ndani kutoka mavuno hadi mavuno. Na aliyemwachia akatembea ovyo kabla hajafundwa, likimpata baadaye la kumpata, asiposhika mimba, asipoolewa, lawama zote zinamlalia huyo. Bi Tabu alijua hivyo. Nyumbani ni milima na lori na basi. Simu hatuna. Mjomba hayupo, mama hayupo. Yupo yeye, mwanamke wa lukolo nyingine, amesimama kwenye sakafu ya kioo na mwali wa watu.

Dada wa kaunta akamaliza kutupima, akatazama, akasema bado mmoja sijamwona vizuri, yule mrefu, arudi hapa ili nitoe kadi. Mwalimu Komba akamfuata Bi Tabu. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kukaa miguuni pa Zena, kwa hiyo nilisikia yote.

"Bi Tabu, mlete mtoto."

"Hawezi kuja."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi aje."

"Mwalimu, nimesema hawezi."

"Kwa nini?"

"Usiniulize."

"Nisikuulize namna gani? Watu wote wanatungoja sisi."

"Wangoje. Neno hili si la kuambiwa wewe."

Mwalimu akavua kofia, akaivaa, akaenda kaunta, akarudi. Alikuwa kama mtu aliyetumwa dukani bila kuambiwa anunue nini. Kule kaunta wanamuuliza yeye, huku hakuna anayemjibu. Wasichana wakubwa walikuwa wameshajua, wamekusanyika wakiinamisha vichwa. Wavulana wakawa wanauliza kwa sauti, "Zena kafanyaje? Kaiba?" Bi Tabu akawatupia jicho wakatawanyika.

Mimi nikaanza kazi yangu. Nilifungua furushi la Zena nikatoa nanasi, nikatoa ndizi, nikatoa mdalasini, nikavisukuma chini ya viti vya watu. Nikamvua kandambili. Nikamwambia kwa siri, "Panda tena, sasa hivi utakuwa mwepesi." Zena akaninong'oneza kutoka ndani ya kanga, "Nyamaza, mdogo wangu." Sauti yake ilikuwa imelowa.

Dada wa kaunta alitoka nyuma ya meza yake akaja mwenyewe. Alimtazama Zena mara moja tu, akachutama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

Bi Tabu alimtazama usoni. Akauliza yeye, "Kwenu wapi, binti?"

"Handeni. Mimi Mzigua."

"Basi unajua."

"Najua. Na mimi niliwekwa ndani. Ndiyo maana nakwambia, mama, mwache apande. Nitampa kitambaa, kule chooni kuna maji. Atakaa dirishani na kanga yake. Nani atamwona huko juu?"

Nilimwona Bi Tabu anafikiri. Wallahi nilimwona. Alitazama ile ndege, akamtazama Zena, mkono wake ukapapasa kanga kama anayetaka kuifungua. Kisha akasema polepole, "Angekuwa wangu, au angalau tungekuwa lukolo moja, ningekubali nikaenda kupambana huko nyumbani. Lakini huyu nimeazimwa. Mjomba wake akiniuliza nilimpeleka wapi mwali wake kabla hajaambiwa neno, nitasema nini? Nitasema nilimrusha?"

Dada wa watu akainuka. Akaenda akamnong'oneza Mwalimu Komba. Mwalimu akakaa juu ya mzigo wa ndizi, akasema, "Kumbe." Kisha akasimama, akajikaza, akaja.

"Bi Tabu, hawa watoto wameandikwa kwa jina langu. Mimi ndiye ninayejibu. Nasema aende."

"Uliandikiwa watoto, mwalimu," Bi Tabu akamjibu. "Huyu tangu sasa si mtoto."

Kwisha. Niliwatazama wale watu wazima watatu, mmoja ana elimu, mmoja ana mila, mmoja ana ufunguo wa ndege, na hakuna aliyeweza kumsogeza dada yangu hatua moja kutoka pale ukutani. Ndipo Zena akasema. Alisema mara moja tu, hakunyanyua sauti, na alikuwa hajaulizwa. "Mimi nataka kupanda."

Hawakumjibu. Si kwamba walimdharau. Kila mmoja alitazama chini kana kwamba ameangusha kitu.

Walikubaliana Bi Tabu arudi naye nyumbani kwa basi, na sisi tuendelee na mwalimu. Dada wa kaunta akasema atayafuta majina yao mawili kwenye orodha ili atoe kadi zetu tuliobaki, na atawaambia wahudumu watuangalie wasichana. Mimi nikasema nabaki na Zena. Bi Tabu akasema hapana, mama yako amekuaga uende, na mmoja wenu lazima afike. Zena akanivuta ndani ya kanga. Mle ndani kulikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Akavua njuga miguuni kwake akanifunga mimi. Zilikuwa kubwa, zikateleza mpaka kwenye vifundo, akararua upindo wa gauni lake la njano akanizungushia ili zishike.

"Ukicheza usitazame watu. Msikilize mpiga ngoma tu."

"Ngoma imeuzwa," nikamwambia.

"Haijauzwa. Sikiliza. Ukifika juu usisinzie. Uangalie vizuri, uje uniambie."

Nikapelekwa na wenzangu. Mlangoni nikageuka nikaona kanga imesimama, ndefu, nyembamba, Bi Tabu kaishika kwa mkono, wanaondoka. Na watu wakawa wanawapisha njia, kama wanavyompisha mgonjwa.

Kwenye ndege nilikaa dirishani, na kiti cha pembeni yangu ndicho kilichokuwa cha Zena. Mhudumu alipita akihakikisha mikanda. Alipofika kwenye kile kiti kitupu akakifunga mkanda pia, akaukaza, akapita. Labda ndiyo taratibu yao, sijui mpaka leo. Mimi nilikitazama kile kiti kilivyofungwa vizuri bila mtu. Nikawaza, mizani imemkataa, lakini kiti kimemshikia nafasi. Nilisubiri mpaka injini zikanguruma, nikidhani mlango utafunguliwa aingie.

Mwanza tulicheza. Tulishangiliwa. Sikumbuki zaidi ya hapo. Ngoma niliikuta huko, kweli haikuuzwa, na hilo lilinichanganya zaidi. Kama iliyopimwa ikachukuliwa inarudishwa, basi kwa nini aliyepimwa hakupanda?

Niliporudi Matombo nilikuta Zena yuko ndani. Chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, na sisi watoto haturuhusiwi kumwona. Mama aliniambia dada yako hajambo, nenda kacheze. Kila mtu alikuwa na furaha, wanawake wanakuja na unga na kuku, wanaimba. Bi Tabu alisifiwa kijiji kizima kwa kumrudisha mwali wa watu salama. Alikaa kwenye mkeka akisifiwa, na hakucheka. Mjomba alimpa kanga mpya. Nilikuja kusikia kwamba hakuivaa.

Nilitafuta mahali nyuma ya nyumba ambapo udongo wa ukuta ulikuwa umepasuka. Nikakaa hapo na ungo wa maharage kama ninayechambua. Nikagonga kidogo.

"Ni wewe?" Zena akauliza kutoka ndani.

"Ni mimi."

"Ulisinzia?"

"Sikusinzia."

"Haya. Kuna nini?"

Nilikuwa nimelitunza jibu njia nzima. "Kuna jua."

"Jua lipi?"

"Hilihili. Mawingu yako chini, meupe, yamelala kama pamba, na juu hakuna kitu, jua tupu."

"Chini ya nini?"

"Chini ya miguu."

Nikasikia anasogea mpaka bega lake liligusa ukuta. "Kwa hiyo huku mvua ikinyesha, kule juu jua linawaka tu?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Nadhani siku zote."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa hakukosea. Nikaona sasa ni zamu yangu, nikamuuliza, "Dada, ile mizani ilisema una nini?"

"Mizani gani?"

"Ile iliyokukataa."

Nikasikia bega lake linaondoka ukutani. Kisha akasema, "Mizani haikunikataa, mdogo wangu. Mizani ilinipokea." Na hapo nikamsikia analia, taratibu, amejiziba mdomo, na mimi niko upande wa pili na ungo wa maharage, ukuta katikati, sina cha kufanya. Njuga nilizipitisha kwenye ule ufa, moja baada ya nyingine, zikiwa zimefungwa kwa kile kitambaa chake cha njano. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Mvua zikaja zikaisha, akiwa ndani. Alipotolewa alikuwa mweupe kama mhogo uliomenywa, mnene, hatembei haraka. Alichezewa ngoma na yeye hakucheza. Akaolewa kutoka hapohapo. Alikuwa na mume mwema, watoto wazuri, shamba la viungo kule juu. Sisemi aliharibikiwa. Lakini kila nilipompandia kumsalimia, ndege ikipita juu ya Uluguru aliweka jembe chini. Akiwa na wajukuu mgongoni, aliweka jembe chini. Na mvua ikitufungia ndani kwa siku nyingi, matope yamefunga njia, watu wamenuna, yeye alikuwa anasema, "Kule juu jua linawaka saa hizi." Kisha ananitazama, "Au siyo?" Namjibu ndiyo, dada, linawaka. Wenye nyumba walidhani ni maneno ya uzee.

Mila siichukii. Asije kijana akasema bibi kanena mila zife. Mimi mwenyewe nimefunda wali, na wengine walionisikiliza wanaishi vizuri na waume zao. Bi Tabu simlaumu. Alibeba mtoto asiye wake mahali asipopajua, na alimrudisha mzima. Ila nimekaa na jambo hili miaka yote na bado sijapata jibu. Neno lile la kumfunda lingeweza kusubiri. Lingemsubiri Mwanza, lingemsubiri njiani, lingemkuta nyumbani akirudi, halikuwa na haraka. Ndege ndiyo iliyokuwa na haraka.

Sasa juzi, wifi yangu mkubwa alikuja hapa Kihonda. Nuru yuko kwenye umri uleule. Wifi akanywa chai yake, akaweka kikombe, akasema mbele ya watu wote, "Huyu mtoto mnampeleka Mwanza, na hajavunja ungo. Likimkuta huko mbele ya watu? Si bora abaki, aende mwakani?" Binti yangu, mama yake Nuru, akanitazama. Mwanangu Hamisi, mjomba wa mtoto, akatazama simu yake, maana mazungumzo haya wanaume mpaka leo huwa wanayakimbia. Nuru mwenyewe alikuwa mlangoni na begi lake lililopimwa, hajaulizwa. Nikamwona amesimama, mrefu, mwembamba.

Nikaamka nikaenda kwenye mkoba wangu nikatoa njuga, nikazitia ndani ya begi lake, chini ya nguo. Zikalia. Wifi akasema, "Kilo zitazidi." Nikamwambia watoe viatu.

Nikarudi nikakaa, nikamwambia Hamisi aweke simu chini na wote wanisikilize, na nikasema mara moja tu. Mtoto huyu likimkuta la kumkuta, awe kwenye basi, awe mbele ya mizani, awe mguu mmoja ndani ya ndege, asirudishwe. Apewe kitambaa, apewe maji, apewe kanga ya kujifunika, na apande. Akae dirishani. Kumfunda nitamfunda mimi mwenyewe akirudi. Na nikimwona kwenye mlango huu kabla ya wenzake, aliyemleta alale nje.